Mambo ya Nyumbani: Kulea Vifaranga vya Samaki katika Nchi ya Baridi



Mwezi huu twataka kunena habari za samaki. Wala si samaki wa kuvua, bali samaki wa kufuga, na hasa wale wadogo sana ambao wafugaji huwaita vifaranga. Siku hizi mabwawa yamechimbwa katika mabonde mengi ya Njombe na Makambako, na neno moja husikiwa kila mahali: “Mbona samaki wetu hawakui?” Mtu huchimba bwawa kwa jasho, hununua vifaranga kwa fedha, huwatia majini, hungoja mwaka mzima, kisha hutoa samaki wengi mno, walakini urefu wao ni wa kidole tu. Ndipo hulaumu maji, hulaumu mbegu, hulaumu baridi. Baridi ina sehemu yake, nasi tutaieleza. Lakini sababu kubwa imo katika methali tuijuayo sote: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Samaki huzaa bila kufundishwa na mtu. Kulea ndiko kunakotaka mtu mwenye akili na subira.

Basi kwanza tuwatazame samaki wenyewe jinsi wanavyolea, maana kazi ya mfugaji huanza pale mzazi anapoiacha yake.

Katika nchi ya Thailandi, ambayo zamani iliitwa Siamu, yuko samaki mdogo aitwaye beta. Watu wa mijini katika nchi nyingi humfuga katika chupa za kioo kwa ajili ya rangi zake, na mwaka 2019 serikali ya Thailandi ilimtangaza kuwa mnyama wa maji wa taifa. Huyu ni mkali sana. Madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana mpaka kuumizana. Lakini mtazame anapokuwa baba. Hupuliza mapovu juu ya maji hata yakawa kama kitanda. Jike akiisha kutaga, dume huokota mayai kwa kinywa, moja moja, akayatia ndani ya mapovu. Kisha humfukuza mama na kubaki mlinzi peke yake. Yai likianguka, hulirudisha. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili, na watoto huning’inia chini ya mapovu siku mbili tatu hivi, mpaka waweze kuogelea. Hapo kazi ya baba imekwisha. Asipoondolewa aweza kuwala watoto wake. Ndipo mfugaji hana budi kushika ulezi: awape viumbe vidogo sana vya majini kuwa chakula, na afunike chombo, ili hewa iliyo juu ya maji iwe ya joto; maana watoto hao wakikua kidogo huanza kuvuta hewa kama sisi, na hewa ya baridi huwadhuru.

Wetu sisi ni perege, ambaye aina yake moja ndiyo sato wa Ziwa Viktoria. Kwake dume hufanya kazi moja tu, kuchimba shimo la duara chini ya maji. Jike hutaga humo, kisha huyatwaa mayai yote kinywani mwake, na humo huyatunza. Maji yakiwa ya joto mayai huanguliwa baada ya siku tatu mpaka tano; hata hivyo mama hawatemi watoto upesi, bali huwashika mpaka akiba ya chakula waliyozaliwa nayo tumboni iishe, yapata siku kumi au kumi na nne tangu kutaga. Siku hizo zote mama hali neno. Akiisha kuwaachilia, bado hukaa karibu nao; wakiona hatari humkimbilia na kuingia tena kinywani. Hakuna kuku afunikaye vifaranga vyake kwa bidii kuliko huyu.

Wa tatu ni kambare. Yeye hutaga wakati wa mvua, maji yanapofurika majanini. Mayai hushika majani, na wazazi huenda zao. Watoto huanguliwa kwa yapata siku moja au mbili, na tangu saa ile hawana baba wala mama. Hata wao kwa wao hawahurumiani: aliye mkubwa kidogo humla aliye mdogo. Kwa hiyo anayetaka kulea vifaranga vya kambare hana budi kuwapa chakula kilicho hai, na kuwatenga kila mara kwa ukubwa wao. Kazi hiyo yafaa watu wenye ujuzi na vyombo.

Basi kwa nyumba inayoanza, perege ndiye afaaye, maana nusu ya ulezi huufanya mwenyewe. Walakini ana adui mmoja katika nchi yetu, naye ni baridi.

Perege ni samaki wa nchi za joto. Hupenda maji ya nyuzi 25 mpaka 30 za sentigredi. Chini ya nyuzi 20 huacha kuzaa. Yakipungua kufika 16 karibu huacha kula. Na yakishuka mpaka 10 au 12 hufa. Sasa tukumbuke tunapokaa. Uwanda wa Kitulo, ambao watu huuita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, na ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, uko juu yapata mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai sakitu huonekana juu ya majani asubuhi. Walio kando ya uwanda huo wasijidanganye. Perege wa bwawa la nje huko hatazaa, hata kukua atakua kwa taabu. Ni heri wafuge kuku na sungura, wakanunue samaki kwa majirani walio chini. Njombe mjini ni chini kuliko Kitulo, na Makambako ni chini zaidi. Huko, kama bwawa limewekwa vizuri, jua la Oktoba mpaka Machi laweza kuyapasha maji kiasi cha kumfanya perege azae.

Huenda mtu atauliza, “Mbona tusifuge trauti, samaki wa baridi?” Ni kweli kwamba huyo hupenda maji baridi; Waingereza walimtia katika mito ya milima ya Kenya tangu mwaka 1905. Lakini trauti hutaka maji safi yanayokwenda daima, na chakula chake ni nyama na samaki, wala si pumba. Gharama zake si za nyumba zetu nyingi.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Tutaipanga hatua kwa hatua, ili mwalimu apate kuifundisha, na baba na mama wapate kuifanya.

Kwanza, mahali. Bwawa liwe juani, si chini ya miti. Mikaratusi, misonobari na miwati tuliyoipanda kila mahali huleta kivuli, na majani yake yakianguka huoza majini. Kina kiwe mita moja au kuzidi kidogo, kwa sababu maji haba hupoa upesi usiku. Upande wa upepo panda ua wa majani marefu. Watu wa Makambako wanajua jinsi upepo wao unavyopoza. Tena, jambo wengi wasilolijua: bwawa si mto. Usiyaache maji ya chemchemi yapite mchana kutwa, kwa maana kila ndoo inayoingia huondoa joto ambalo jua limeleta. Ongeza tu kadiri ya yale yaliyopungua. Anayeweza na anunue kipimajoto, apime alfajiri na saa tisa mchana, aandike katika daftari. Daftari hilo litamwambia mwezi wa kuanza kuliko jirani yeyote.

Pili, maji yenyewe. Tia samadi iliyooza kidogo kidogo mpaka maji yawe ya kijani. Kijani hicho ni mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, nayo ni maziwa ya vifaranga. Ili kujua kiasi, tia mkono wako majini ukiwa umenyoosha kiganja. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yamefika kiwiko, yatosha. Kikipotea mapema, samadi imezidi. Ukiwaona samaki alfajiri wamekuja juu wakitweta, ujue kwamba hewa imepungua majini: acha samadi, acha chakula, tia maji mapya.

Tatu, wazazi. Chagua wenye afya, wasiopungua gramu 100. Kumjua dume na jike, mgeuze samaki utazame chini karibu na mkia: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Weka dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Tena usiwe na tamaa ya wazazi wengi. Jike wa robo kilo hutaga mayai mia kadhaa kwa mara moja. Bwawa la mita 10 kwa mita 15 lataka samaki 300 hivi, yaani wawili kwa kila mita ya mraba. Basi watoto wa majike wachache tu hulijaza bwawa hilo! Wote wanaozidi hapo hawaongezi chakula cha nyumbani, bali hukipunguza.

Hapa ndipo ilipo siri ya wale samaki wa urefu wa kidole. Perege katika bwawa huanza kuzaa akiwa na miezi mitano au sita, hata akiwa mdogo bado. Mwenye bwawa huona vifaranga vikiongezeka akafurahi. Lakini chakula ni kile kile, na hewa ni ile ile; wakubwa na wadogo hugawana, hakuna anayeshiba. Wote hudumaa. Nao waliodumaa huzidi kuzaa wengine. Bwawa limejaa samaki, na nyumba haina kitoweo.

Nne, kuwatenga wadogo. Baada ya wiki mbili au tatu tangu kuweka wazazi, tazama kandokando ya bwawa wakati wa asubuhi. Utaona vifaranga wamekusanyika juu ya maji kama wingu dogo jeusi. Wachote taratibu kwa wavu laini, uwatie katika kizimba cha wavu kilichosimamishwa kwa miti minne ndani ya bwawa, urefu mita mbili na upana mita moja, matundu yake madogo kiasi kwamba kifaranga hapiti. Humo wazazi hawawezi kuwala, wala chura, wala ndege kama utafunika juu. Usafishe wavu kila baada ya siku chache, kwa maana ukiziba kwa utelezi maji hayapiti.

Sasa sikilizeni sana neno hili. Usitumie chandarua cha mbu chenye dawa. Dawa ile imetengenezwa kwa mfano wa nguvu ya pareto, ambayo wengi wetu twailima katika nyanda hizi, nayo ni sumu kali kwa samaki, hata ikiwa kidogo sana. Mtu aweza kuwaweka vifaranga mia tano humo jioni, akakuta wamegeuka matumbo juu asubuhi, akasema ni baridi. Kadhalika usioshe bomba la kupulizia viazi katika kijito kinachoingia bwawani, wala usipande utupa ukingoni; wazee wetu walijua vizuri kwamba majani ya utupa yaliyopondwa hulevya samaki wa mto mzima.

Tano, chakula. Siku za kwanza chukua kiini cha yai lililochemshwa, ukisugue katika kitambaa ndani ya kikombe cha maji, unyunyize kidogo. Baadaye changanya pumba laini ya mahindi na unga wa dagaa, na mashudu ya alizeti yaliyotwangwa, upepete kwa chekeche. Wape mara nne kwa siku, kidogo kidogo, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, maji yakiwa yamepata joto. Siku ya ukungu na baridi usiwalazimishe. Chakula kisicholiwa huoza na kuharibu maji. Kazi hii yawafaa watoto wa shule, mradi mkubwa awasimamie, maana mkono wa mtoto hupenda kumwaga.

Katika nchi ya joto vifaranga huwa tayari kwa bwawa kubwa kwa muda wa wiki nne au sita. Kwetu huchukua zaidi. Usiharakishe. Wenye kitalu nyumba cha nailoni, kile cha kulimia nyanya, waweza kuweka kidimbwi ndani yake, na huko vifaranga hukua upesi zaidi, kwa kuwa joto la mchana hukaa.

Sita, kuwatenga tena. Samaki wakifika gramu 30 au 40, watoe, utazame matundu kama tulivyosema, uwarudishe madume peke yao. Dume hukua upesi kuliko jike, na akiwa hana mke bwawa halijai. Katika vituo vikubwa wataalamu huwapa vifaranga chakula chenye dawa katika wiki za kwanza, ili wote wawe madume; hiyo ni kazi ya wataalamu, nyumba yaweza kuiacha. Anayenunua vifaranga, kwa mfano katika kituo cha serikali cha Ruhila, Songea, na akumbuke kwamba ametoka nchi ya joto kuja nchi ya baridi. Mfuko uelee bwawani robo saa au zaidi kabla ya kufunguliwa, kisha maji ya bwawa yatiwe kidogo kidogo, ili wasishtuke.

Na majike waliotengwa wafanyweje? Hapa tumefika kwenye neno lililotufanya tuandike haya yote. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Njombe watoto 50 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika Tanzania nzima ni 30 katika 100. Tazama ajabu hii. Mkoa wetu hulisha miji ya mbali kwa mahindi na viazi, wala hatujui njaa ya kukosa ugali. Lakini tumbo kujaa ni neno moja, na mwili kujengwa ni neno jingine. Mtoto anayekula uji mtupu na ugali kila siku hushiba, wala hakui. Ni kama perege wa lile bwawa.

Sababu za kudumaa ni nyingi, nasi hatusemi kwamba samaki ataziondoa zote. Maradhi ya tumbo yamo, maji machafu yamo, kazi nyingi za mama shambani zimo. Hata hivyo samaki mdogo ni msaada mkubwa ulio karibu. Wale majike wadogo usiwatupe, wala usiwauze kwa bei ya bure. Wapasue na kuwatoa matumbo, wakaushe sana, uwatwange mpaka mifupa iwe unga, upepete vizuri, utie kijiko kimoja katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Mifupa hiyo iliyosagwa hujenga mifupa yake. Au chemsha samaki, utoe miiba yote kwa uangalifu, uponde nyama pamoja na viazi.

Tunajua desturi ya nyumba nyingi: samaki mkubwa ni wa mgeni au wa baba, na waliobaki huenda sokoni Makambako, mahali reli na njia kuu zinapokutana na wanunuzi hawakosekani. Kuuza si vibaya. Ada na madaftari hutaka fedha. Lakini bwawa linalolisha abiria wa barabarani huku mtoto wa mwenye bwawa akila mchuzi wa chumvi, bwawa hilo halijafanya kazi yake. Wekeni sheria nyumbani: katika kila samaki kumi, kadhaa ni wa sahani ya mtoto kwanza, ndipo tuhesabu ya soko.

Neno la mwisho ni la walimu hasa. Msiwaache watoto waachilie vifaranga katika mito. Katika miaka ya 1950 sato na sangara walitiwa katika Ziwa Viktoria. Baadaye ngege, perege wa asili wa ziwa lile, alipungua sana, na aina nyingi za samaki wadogo zilitoweka. Mito inayoshuka kutoka Kitulo huingia katika Ruaha Mkuu, nayo ina samaki wake. Samaki wa bwawa na akae bwawani. Tieni wavu katika bomba la kutolea maji.

Anayetaka kuanza, na atengeneze bwawa wakati wa kiangazi, achague wazazi mwezi wa Septemba, ili Oktoba jua likirudi kwa nguvu amkute tayari. Mwaka wa kwanza alee vifaranga mia mbili au tatu tu, wala asizidishe. Akiwaona wamekuwa samaki, mwaka wa pili majirani watamjia wenyewe kutaka mbegu, nao hawatahitaji tena kuzisafirisha kutoka mbali.

Wasalaam.